Fukusi Mia Nne na Mwanzo wa Galaksi

Anayesoma habari hii huku anakula, aweke sahani pembeni kwanza. Ndani yake mna maharage, na maharage hayo hayakuwa peke yao.

Mwaka wa sabini na tano, katika shule moja ya bweni upande wa Kibaha, ambayo kwa heshima ya wote waliowahi kula pale hatutaitaja jina, alikuwepo kijana wa kidato cha tatu aitwaye Zahoro Kibwana, mwenyeji wa Kisarawe. Alijaliwa vitu viwili visivyokaa nyumba moja: utundu na kinyaa. Utundu aliupata mwenyewe, bila msaada. Kinyaa alilelewa nacho na bibi yake, Bi Mwanaamina, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa kuosha sahani mara tatu kabla ya chakula na mara tatu baada ya chakula. Mtoto aliyekuzwa hivyo akachaguliwa kwenda kula katika bwalo moja na wavulana mia tatu na arobaini. Aliyemchagua hakuuliza.

Bwalo lenyewe lilikuwa na meza ndefu za mbao zilizogandwa na utandu wa mchuzi wa miaka, hata ukiegemeza kiwiko, hakitoki bila kuaga. Chini ya meza usiguse. Kulikuwa na ugali wa yanga, ule wa unga wa njano ulioletwa kwa meli baada ya mvua kugoma, wenye harufu ya gunia lililolala nje. Na kulikuwa na maharage. Jumatatu maharage, Jumanne maharage, Jumatano, ukibahatika, maharage. Kila haragwe lilikuwa na tundu dogo la mviringo, safi kama limetobolewa na fundi, na fundi mwenyewe alikuwa juu ya mchuzi, chali, miguu sita imekunjwa kifuani kama marehemu aliyetayarishwa vizuri.

Hao ndio fukusi.

Desturi ya bwalo ilikuwa hii. Baada ya chakula kugawiwa, kiongozi wa meza alisema kwa sauti ya msibani, "Tuvue." Vijiko kumi vilishuka kwa pamoja. Kila mmoja alivua wa kwake na kuwapanga ukingoni mwa sahani, na hakuna aliyeruhusiwa kula kabla meza nzima haijamaliza. Aliyevua wengi kuliko wenzake alipewa ukoko wa ugali. Wavulana waliipenda desturi hii na waliifuata kuliko kanuni zote za shule zilizobandikwa mlangoni.

Mfaume wa Mlandizi, aliyelala kitanda cha juu ya Zahoro na kukaa kulia kwake mezani, hakuwa akivua.

"Kula bwana," alimwambia Zahoro huku anatafuna. "Hiyo ndiyo nyama yetu. Unaitupa halafu unalalamika huna nguvu."

"Mfaume, nakuomba kwa jina la mama yako, tafuna kimya."

"Nikitafuna kimya utasikiaje utamu?"

Mlio wa fukusi katikati ya meno ya mtu ni mdogo sana, mdogo kuliko wa mchanga. Lakini Zahoro aliusikia, ukamshuka kooni, ukafika tumboni kabla ya ugali.

Kwa hiyo alipokuwa anavua, alivua kwa dhati. Na kwa kuwa alivua huku amekodoa macho asije akameza hata mguu mmoja, aliona jambo ambalo wenzake hawakuliona. Fukusi hawakukaa walipo. Wawili wakiwa mbali kidogo juu ya mchuzi, baada ya muda walisogeleana, kwanza polepole, mwishoni kwa haraka, wakashikana. Kisha wawili wakamvuta wa tatu. Palipokuwa na kundi, wapweke wote waliokuwa jirani walilielekea kama watu wanaoelekea penye ugomvi. Na wote walikuwa maiti. Jambo hili lilimtia kinyaa cha namna mpya, maana alikuwa amezoea kuogopa wadudu wanaotembea kwa sababu ni wazima, si wanaotembea kwa sababu wamekufa wengi.

Tukirudi kwenye utundu: fukusi aliowavua Zahoro hakuwatupa. Aliwaanika kwenye karatasi dirishani mwa bweni, akawatia kwenye kopo la maziwa ya unga, akaliweka chini ya kitanda. Kila alipolifungua, kopo lilitoa pumzi ya kabati la marehemu. Baada ya wiki mbili alikuwa nao mia nne, na alikuwa na sababu. Walimu walipikiwa sufuria yao ndogo, na maharage ya sufuria hiyo yalichambuliwa punje kwa punje na mpishi mwenyewe, Mama Kidawa. Zahoro alitaka walimu nao wavue.

Alhamisi ilikuwa zamu yake kubeba chakula cha walimu. Njiani kutoka jikoni alisimama nyuma ya mti wa mwarobaini, akafunua sufuria, akamimina kopo zima, akakoroga, akafunika. Hakujua kwamba siku hiyo mwalimu mkuu alikuwa na mgeni, afisa kutoka mkoani, mwenye suti ya kaunda iliyopigwa pasi mpaka inang'aa makalioni.

Zahoro alikwenda kutazama dirishani. Alimwona mgeni akijipakulia, akila vijiko viwili kwa adabu, akiacha kutafuna katikati ya kijiko cha tatu. Akatoa kitu ulimini kwa kidole, akakitazama. Akatazama sahani. Kisha akauinamia mkono wake wa suti, na yote aliyokuwa amekula, pamoja na chai ya saa nne, yakarudi kutembelea ulimwengu.

Ilikuwa furaha ambayo haikudumu dakika tano. Mama Kidawa aliitwa. Alikuja mbio akijifuta mikono kwenye kanga, mwanamke mnene, mjane wa huko Mlandizi, mwenye watoto wanne waliokula kwa mshahara wa lile jiko. Mwalimu mkuu hakumwambia akae.

"Hiki ni nini?"

"Mwalimu, mimi nimeyachambua haya kwa mkono wangu. Wallahi nimeyachambua."

"Nakuuliza hiki ni nini!"

"Ni... ni wadudu, Mwalimu."

"Bodi ya shule inakaa Jumamosi, Siku ya Wazazi, saa nane baada ya wazazi kula. Wewe ndiyo ajenda. Na usinitajie Mungu katika uchafu wako."

Mama Kidawa aliokota sahani moja moja, na ile suti akaipangusa kwa ncha ya kanga yake mwenyewe. Zahoro pale dirishani alihisi kitu kikimpanda kifuani. Alidhani ni kucheka. Alipofika chooni akagundua sivyo.

Angeweza kusema jioni ile ile. Hakusema. Alijiambia kwamba bodi haitamfukuza, kwamba ataonywa tu, kwamba wakubwa hupenda kutishia. Alijiambia mengi, na kila moja lilikuwa na ladha ya kopo lile.

Ijumaa asubuhi Mwalimu Anselmi aliingia darasani. Huyu alifundisha fizikia. Alikuwa mtu mrefu, mwenye chaki mpaka kwenye nyusi, asiyekula shuleni wala kusikia umbeya wa shule. Mambo yaliyompata duniani yalimfikia yamechelewa. Kesho yake, Siku ya Wazazi, chama cha sayansi kilitakiwa kuonyesha kitu, naye alikuwa ameamua kionyeshe jinsi galaksi zilivyotokea.

"Mwanzoni," alisema, "hakukuwa na nyota hata moja. Kulikuwa na joto kali na ukungu. Mwanga ulikuwemo, tena mwingi, lakini haukwenda popote. Ulitoka hapa, ukagonga pale, ukarudi. Ulimwengu ukatanuka, ukapoa, ukungu ukatakata, mwanga ukapata njia. Sasa, ile gesi iliyobaki ilionekana imelingana kila mahali, lakini haikulingana. Huku imezidi kidogo, kule imepungua kidogo. Penye kuzidi pakavuta jirani. Pakaongezeka, pakavuta zaidi. Polepole, miaka kwa mamilioni..."

"Kama fukusi!" alisema Zahoro.

Neno lilimtoka lenyewe. Darasa lilicheka mpaka madawati yakasogea.

Mwalimu Anselmi hakucheka. "Fukusi gani?"

Basi ikabidi aeleze. Mfaume alikuwa na wachache mfukoni, kwa sababu zake, wakaletwa. Kikombe cha maji kikaletwa. Mwalimu Anselmi aliinama mpaka pua ikakaribia kulowa, akatazama fukusi wawili wakisogeleana, na alipoinuka macho yake yalikuwa na maji.

"Mnaona? Kila mmoja anabonyeza maji kidogo kwa uzito wake. Anafanya kishimo. Jirani yake anateleza kuelekea kwenye kishimo. Sababu si ile ile inayovuta gesi mbinguni, lakini mwendo ni ule ule: kilichozidi kinazidi kuzidi! Zahoro, acha ile pamba tuliyoandaa iwe galaksi. Kesho utawaonyesha wazazi hii. Kwenye beseni kubwa. Utahitaji wadudu wengi. Unaweza kuwapata?"

Darasa zima likamtazama Zahoro, maana darasa zima lilijua habari ya kopo. Mfaume akajitia kikohozi.

"Ninaweza, Mwalimu," alisema Zahoro.

Palikuwa na mahali pamoja tu pa kuwapata. Saa tisa alasiri alikwenda jikoni. Jiko lile lilikuwa pango: moshi, mvuke, sakafu yenye utelezi wa maganda, na mlangoni pipa la makombo ambamo ugali wa jana ulikuwa umeota manyoya ya kijani huku inzi wakifanya mkutano mkuu juu yake. Kwa mvuke wa yale masufuria hakumwona mtu. Alisikia tu ungo ukipepetwa.

"Shikamoo, Mama Kidawa."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Zahoro. Mama, naomba... naomba wadudu."

Ungo ulinyamaza. Mvuke ukapungua kidogo, akamwona ameketi kwenye kibao, magunia mawili wazi mbele yake.

"Umekuja kunicheka na wewe?"

"Hapana, mama. Ni ya somo. Mwalimu Anselmi ametaka."

Alimtazama kwa muda. Macho yake yalikuwa mekundu, na jikoni kule mtu hawezi kujua mekundu ya moshi na mekundu mengine. Kisha akachota kwa kikombe kutoka kwenye kopo la taka zilizopepetwa, akammiminia kwenye karatasi. Walikuwa mamia, na baadhi walikuwa bado wanacheza.

"Chukua. Hao ni wa leo tu. Gunia likifunguliwa linatembea lenyewe. Nimemwambia mwalimu mkuu tangu mwezi wa pili, haya yameoza stoo, akasema ni ya shamba letu la kujitegemea, tuyale." Akarudi kwenye ungo. "Nimechambua ya walimu mpaka kucha zimeota maharage. Sijui wametoka wapi wale. Usiku kucha nawaza, wametoka wapi."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Neno lilikuja likasimama nyuma ya meno. Zahoro akakunja karatasi, akasema ahsante, akatoka, na kule nje akatema mate mara tatu, na mate hayakutoa kitu.

Jioni ile aliliosha beseni la maabara. Aliliosha kama alivyofundishwa Kisarawe, kwa sabuni ya mche, mara tatu, na mara ya tatu hakulisuuza, akaliacha likauke na sabuni yake ili linukie. Wazazi wangeona wadudu, lakini wangeona wadudu ndani ya chombo safi.

Jumamosi wazazi walijaa ukumbini. Bi Mwanaamina alifika kutoka Kisarawe kwa mabasi mawili, akapangusa kiti kwa kitambaa, akatazama kitambaa, akaamua kusimama. Mbele walikaa wajumbe wa bodi, na katikati yao mwenyekiti, Mzee Salumu, mfugaji wa Magindu, mwenye fimbo mapajani na macho ya mtu ambaye ng'ombe hawajawahi kumdanganya. Mlangoni, pamoja na wafanyakazi wengine wa jikoni, alisimama Mama Kidawa katika kanga mpya, akingoja saa nane.

"Ndugu Mwenyekiti, ndugu wazazi," Zahoro alianza kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari, "leo mtaona jinsi ulimwengu ulivyoanza."

Akawanyunyiza fukusi juu ya maji.

Wakazama. Hawakuzunguka, hawakufikiri, walishuka moja kwa moja kama vijiwe, wakalala chini ya beseni kwenye duara jeusi.

Kisha sauti ya mzazi mmoja kutoka nyuma: "Umekwisha mapema!"

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Mwalimu mkuu alikuwa ametambua kilichomo ndani ya beseni, na rangi yake ilibadilika kutoka mwalimu mkuu hadi majivu. Zahoro akamwaga wengine. Wakazama. Akachovya kidole kumnyanyua mmoja, akamhisi laini, amelegea, akang'ang'ania ukucha. Bi Mwanaamina aliziba mdomo.

Mwalimu Anselmi akaja mbio, akalinusa beseni. "Umeliosha na nini?"

"Sabuni, Mwalimu."

"Ukaisuuza?"

"Nimeiacha inukie."

"Ole wangu. Maji yana ngozi juu, kijana, sabuni inailegeza. Hapa hata kishimo hakuna. Tunahitaji chombo kisicho na sabuni kabisa, na hapa shuleni..."

Hakumaliza. Mama Kidawa alikuwa ameshatoka. Alirudi amebeba kichwani sinia kubwa la kupakulia pilau, lenye maji, bila kumwaga tone, akapita katikati ya watu waliokuwa wakimnong'ona, akaliweka mezani.

"Hili nalisugua kwa mchanga na maji tu," alisema. "Sabuni jikoni haijafika tangu Pasaka. Weka wadudu wako, mwanangu."

Zahoro aliweka. Aliwanyunyiza kwa haraka, wakatawanyika vizuri kuliko ambavyo angepanga.

Walielea. Kwa muda hakuna kilichotokea, ila madoa meusi yaliyosambaa karibu sawasawa juu ya sinia lote. Kisha pale walipokuwa watatu pakawa wanne. Nyuzi nyembamba zikajiunga. Katikati ya nyuzi pakabaki wazi, panang'aa, na mahali nyuzi zilipokutana pakavimba makundi. Watu wa nyuma wakasimama juu ya viti. Kundi dogo lilielea peke yake, likasita, kisha likachukuliwa na kubwa ghafla, na mama mmoja akasema "Haa!" kana kwamba ameona mtoto akivuka barabara.

"Kila doa tuseme ni gesi," alisema Zahoro, na sauti ya taarifa ya habari ilikuwa imemtoka. "Ikikusanyika sana inajibana, ikijibana inapata joto, mpaka inawaka. Hiyo ni nyota. Nyota nyingi kuliko wadudu wote wa magunia yote ya shule hii, zikikaa pamoja, ndiyo galaksi. Ule weupe mnaouona angani usiku, ule utepe, ni galaksi yetu tukiitazama kutokea ndani."

"Na nyingine ziko wapi?" aliuliza Mzee Salumu.

"Kila upande, mzee. Lakini ziko mbali, mwanga wake unachukua muda kufika. Ile iliyo jirani kabisa, kubwa kama yetu, mwanga wake umesafiri kama miaka milioni mbili. Kwa hiyo tunaiona ilivyokuwa zamani."

"Kama habari za mkutano wa kijiji."

"Ndiyo, mzee. Na zilizo mbali zaidi tunaziona zikiwa changa, ndiyo maana wataalamu wanajua zilivyokua. Wakitazama mbali zaidi ya hapo wanakuta ule ukungu wa mwanzo, hawaoni kitu nyuma yake. Kama jikoni kwa Mama Kidawa asubuhi. Na zipo zilizoko mbali hata mwanga wake haujatufikia."

"Zipo lakini hazijafika," alisema mzazi mmoja kwa utulivu. "Kama sukari ya duka la ushirika."

Wazazi wakacheka kicheko cha watu wanaoelewa somo. Mwalimu mkuu akaona upenyo, akasimama anapiga makofi. "Ahsante sana, ahsante chama cha sayansi, sasa kwaya..."

"Kaa kidogo, Mwalimu Mkuu." Mzee Salumu alikuwa ameinamia sinia. Akamnyooshea mmoja fimbo bila kumgusa. "Hawa si ndio walioonekana kwenye sahani ya mgeni? Ajenda ya saa nane?"

"Ni, aa, jamaa zao, Ndugu Mwenyekiti. Uzembe wa jikoni. Tutalishughulikia."

Watu wakageuka kumtazama Mama Kidawa. Alikuwa bado karibu na meza, ameshika kata ya kanga iliyokuwa kichwani chini ya sinia, anaikunja na kuikunjua. Alikuwa ameshasema yote Alhamisi, na hayakumfaa.

Zahoro alitazama ukucha wake. Mguu mmoja wa fukusi ulikuwa umenasa pale, mweusi, mwembamba, umekunjika. Alikuwa amekula katika bwalo lile miaka mitatu, amelala jirani na Mfaume, ameosha vyoo vya zamu, na hakuwahi kukutana na kitu kichafu kama yeye mwenyewe alivyokuwa dakika ile.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Niliwamwaga mimi kwenye sufuria ya walimu, nikakoroga. Yeye alikuwa ameyachambua yote."

Ukumbi mzima ulimsikia, na wa kwanza kupata sauti alikuwa bibi yake.

"Astaghfirullah! Zahoro! Uliwashika? Kwa mikono?"

"Ndiyo, bibi."

"Kwenye chakula cha watu?"

"Ndiyo, bibi."

Bi Mwanaamina akakalia kile kiti.

"Walikuwa wangapi?" aliuliza Mzee Salumu.

"Mia nne, mzee."

"Uliwatoa wapi mia nne?"

"Niliwavua. Kwenye sahani yangu. Wiki mbili."

Midomo ya mwenyekiti ikasogea kama ya mtu anayehesabu mifugo inapoingia zizini. "Sahani moja. Wiki mbili. Mia nne." Akageuka taratibu. "Na wavulana wako wangapi, Mwalimu Mkuu?"

"Ndugu Mwenyekiti, suala la nidhamu ya mwanafunzi huyu..."

"Nimeuliza wavulana wako wangapi."

"Mia tatu na arobaini."

"Nao wamekuwa wakila hivi tangu lini? Mama Kidawa, wewe sema."

"Tangu mwezi wa pili, mzee. Nilimwambia Mwalimu."

"Alipokula mgeni siku moja, ikawa ajenda," alisema Mzee Salumu. Akasimama, akainyoosha fimbo. "Sawa. Kwaya iimbe baadaye. Bodi itakula bwaloni leo, meza za wanafunzi, chakula cha wanafunzi. Mwalimu Mkuu utakaa pembeni yangu."

Mfaume alisimulia tukio hilo muhula mzima, maana alikuwa ndiye kiongozi wa meza waliyopewa. Alisema "Tuvue" kwa sauti ya msibani, na wajumbe saba wa bodi wakashusha vijiko. Mzee Salumu alivua kumi na wanane bila kukunja uso. Mwalimu mkuu alivua mmoja, akatazama waliobaki, akatoka akakimbilia mwarobaini, na waliokuwa nje walisema ule mti ulisikitika. Ukoko alipewa mwenyekiti. Aliukataa.

Magunia yalitolewa stoo Jumatatu. Yaliyooza yalichomwa moto, na harufu yake, kama nywele za mtu mnene, ilikaa bwenini siku nne. Yaliyoweza kuokolewa yalirudishwa jikoni yachambuliwe. Mama Kidawa hakuitwa kwenye kikao chochote. Zahoro alipewa viboko sita, ambavyo alivipokea kwa ukimya uliowashangaza wenzake, na kazi ya kuchambua maharage kila alasiri hadi shule ifungwe, kwa mikono, bila kijiko. Bibi yake alipoambiwa adhabu hiyo alisema viboko vingetosha, hii ya pili ni ukatili. Hakumpa mkono wa kwaheri. Alimuaga kutoka mbali, akapanda basi.

Wiki tatu Mama Kidawa hakumsemesha. Alimwekea ungo na kibao mkabala na cha kwake, akafanya kazi yake. Zahoro alitumbukiza mikono kwenye gunia. Fukusi walimtembelea vidoleni, wakapanda kifundo, mmoja akaingia shati. Mara tatu alikimbilia mlangoni kutapika, mara tatu akarudi, na yule mama hakuinua macho. Siku ya pili alisema, "Samahani, mama." Ungo uliendelea kupepeta. Siku ya tano akasema tena. Mama Kidawa akamsogezea gunia jingine.

Alasiri moja ya wiki ya nne, masufuria yakiwa bado hayajaanza kuchemka na jiko likiwa jeupe bila mvuke, Mama Kidawa alisema ghafla, bila kumtazama:

"Zile galaksi zako. Huko nako kuna watu?"

"Hatujui, mama."

"Wakiwepo, wanatuona?"

Zahoro akafikiri. "Wakiwa na vyombo vya ajabu, labda. Lakini wangeona ya zamani sana. Hata binadamu kama sisi hawajatokea."

"Kwa hiyo hawajaona nilivyosimamishwa pale mbele ya yule mgeni."

"Bado."

"Wataona lini?"

"Wale wa jirani, miaka milioni mbili."

"Na wewe nyuma ya mti na kopo lako. Wataona?"

"Wataona na hilo, mama. Siku ile ile."

Mama Kidawa aliinua haragwe moja kwenye mwanga, akalitazama tundu lake, akalitupa kwenye taka.

"Chambua," alisema. "Hilo uliloweka hapo lina mtu."